Mwalimu Aliyezipigia Mashine Hodi

Nianze na kamba, maana bila kamba hutamjua. Kila nilipomwamkia, iwe barabarani, iwe ofisini kwa walimu, iwe msibani watu wakilia, alijibu hivi: "Marahaba. Umefunga kamba?" Mimi ni Mluguru wa Mlali na yeye ni Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani hata kabla ya kujuana majina. Watani zetu hao wanatusema kwamba mashamba yetu ya mlimani yamesimama wima, na mtu akienda kulima sharti ajifunge kamba kiunoni na ncha ya pili aifunge mtini, asije akaporomoka na jembe lake mpaka sokoni. Nami, ingawa ni mdogo kwake, nilikuwa na haki ya kumjibu kwamba kwao hawana hata kichuguu cha kujivunia, ndiyo maana babu zao walizunguka nchi nzima na mizigo kichwani wakitafuta mlima wa kuutazama. Alicheka kwa kupiga paja. Kisha akanishika mkono na kuniuliza habari za kweli.

Zaidi ya hapo ukoo wake siujui, na sitauzulia. Kilakala nzima, mtaa wetu pale Morogoro mjini, ilimwita Mwalimu. Kilakala ina walimu kila nyumba ya pili, lakini sisi wengine tulikuwa mwalimu wa hesabu, mwalimu wa kemia, na mimi mwalimu wa jiografia. Yeye alikuwa Mwalimu, basi, ukisema hivyo kila mtu anajua unamsema nani. Alifundisha kompyuta katika shule yetu ya wasichana. Siyo ile kubwa unayoifikiria. Yetu ni ndogo, ipo chini zaidi, na haijulikani sana nje ya mtaa.

Jambo moja alilitamka mbele ya watu wengi, mara nyingi, kwa hiyo halina ubishi: kwamba yeye Morogoro hahami. "Labda milima ihame kwanza," alisema, "nami nitaifuata." Nalisema mapema kwa sababu Jumamosi iliyopita nusura ahamishwe, naye hana mdomo wa kukataa. Lakini nisikimbilie huko. Kila nikiikumbuka Jumamosi ile moyo unanirukaruka, na nikiuachia utaharibu mpangilio.

Chumba cha kompyuta kilikuwa chake kama jiko lilivyo la mama. Mlangoni palikuwa na mkeka, na juu ya mkeka sheria moja: vua viatu. Vumbi jekundu la Morogoro, alisema, likishaingia ndani ya mashine halitoki tena. Alimvulisha mkuu wa shule, mama mwenye miguu ya kuvimba, akamletea kigoda ili avue akiwa amekaa. Alimvulisha bwana mmoja mkubwa wa elimu aliyekuja kutukagua. Yule bwana alisimama mlangoni akijiumauma, na alipovua tukajua kwa nini: soksi ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilikuwa nje chote. Sisi tukatazama dari. Mwalimu akakitazama kidole waziwazi, akasema, "Karibuni sana, wote wawili." Bwana yule alicheka mpaka akashika fremu ya mlango, na ukaguzi wetu ulikwenda vizuri kuliko miaka yote niliyofundisha pale.

Lakini kilichomfanya awe yeye ni hodi. Kila kompyuta aliyoishika aliipanga hivi: ikiwashwa tu, kabla ya kitu kingine chochote, kinafunguka kile kidirisha cheusi chenye maandishi meupe ambacho watu wengi hukikimbia. Hapo unaandika amri fupi pamoja na anwani ya mashine nyingine, hata kama ipo ng'ambo ya dunia, na mashine yako inaiita ile ya mbali. Ya mbali ikiwepo, inaitikia, na kila jibu linaonekana kwenye mstari wake. Mafundi wana jina lao la Kiingereza kwa kazi hiyo. Mwalimu aliiita kupiga hodi, na wasichana waliopita mikononi mwake wanaiita hivyo mpaka leo, hata wale walioko maofisini Dar.

Alifundisha jambo hilo kwa mfano wa bibi. Bibi yupo nyuma ya nyumba anachambua mboga, mlango wa mbele kaurudishia kwa sababu ya kuku. Mgeni wa kwanza anafika, anaona mlango umefungwa, anageuza, na huko njiani anawatangazia watu kwamba bibi kasafiri. Mgeni wa pili anapiga hodi, bibi anaitika, na mgeni anakula. "Tofauti yao ni nini?" aliwauliza wasichana. Nao waliitika kwa pamoja kwamba tofauti yao ni ubwabwa.

Sasa siku ya alama. Wasichana waliomaliza kidato cha sita walikuwa wamerudi shuleni kutuma maombi ya vyuo, maana makwao, Turiani huko na milimani kwetu, mtandao wakati mwingine ni wa kutafutwa juu ya jiwe. Maombi yalikuwa yanafungwa jioni ile. Usiku wa kuamkia siku hiyo kompyuta zilikuwa zimejisasisha, kama zinavyofanya bila kumwomba mtu ruhusa, na asubuhi tulipoziwasha, chini kwenye kona, pale inapokaa alama ya mtandao, kila mashine ilikuwa imeweka kiduara cha dunia chenye alama ya kukataza. Ukikigusa kinakwambia hakuna intaneti. Mashine zote, safu kwa safu, hakuna, hakuna, hakuna.

Mwalimu hakuwepo. Alikuwa kliniki ya presha, na simu yake kama kawaida ilikuwa imezimwa ndani ya mkoba. Akaitwa fundi kutoka mjini. Fundi akachomoa nyaya akazichomeka, akapanda ngazi, akashuka, akasema apdeti imeua mtandao na itabidi mashine zifutwe na kuwekewa programu upya, moja moja, kazi ya siku kadhaa. Mkuu wa shule akaanza kuulizia gari la kuwapeleka wasichana mjini. Zuhura, binti wa Turiani aliyekuwa anataka uuguzi tangu kidato cha kwanza, alikuwa amekaa sakafuni na begi mapajani. Mwaka ukimpita, baba yake alikwisha kumwambia, ataolewa.

Na hapa pana kosa ambalo naamini lingefanywa na shule kama yetu tu. Sisi tulilelewa kwa vibao. Usikanyage nyasi. Kimya. Mwisho wa wageni. Msichana wa kwetu akikuta kibao kimesema usipite, hapiti hata moto ukimfuata nyuma, na walimu wake ndio tuliomfundisha hivyo. Kwa hiyo alama iliposema hakuna intaneti, sote tuliitii. Asubuhi nzima, chumba kimejaa watu wazima wenye vyeti, na hakuna hata mmoja aliyejaribu kufungua ukurasa.

Mwalimu alifika adhuhuri, ndizi mkononi. Akavua viatu. Mkuu wa shule akamweleza kwa sauti ya matanga kwamba mtandao umekufa, wameangalia alama kwenye kila mashine. Mwalimu akamaliza kutafuna kwanza.

"Mmepiga hodi?"

Fundi, aliyekuwa amerudi juu ya ngazi, akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mwalimu akakaa kwenye mashine ya kwanza, akaandika kwenye kidirisha cheusi, akabonyeza. Mstari wa kwanza ukaja. Wa pili ukaja. Mashine ya mbali, sijui ya nchi gani, ilikuwa inaitika bila wasiwasi wowote. Nilisikia nywele za mikono zikinisimama, na sioni haya kusema hivyo kuhusu kompyuta.

"Lakini alama inasema hakuna," mkuu wa shule alisema.

"Alama si mwongo, Mkuu. Alama ni mvivu. Imeambiwa neno asubuhi na haijarudi kuuliza."

Akamwita Zuhura, akamwambia afungue ukurasa wa maombi kama vile kona ile haipo. Ukafunguka. Zuhura aliutazama kwa muda kama mtu anayeogopa kuupumulia, kisha akaanza kuandika jina lake, na safu zote nyuma yake zikaanza kubonyeza kwa kishindo mithili ya mvua kwenye mabati. Tulipiga vigelegele. Mkuu wa shule alicheza, na ile miguu yake. Jioni ilipofika kila msichana alikuwa ameshatuma, na kiduara cha dunia bado kilikuwa kwenye kona kikikataza.

Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye alisema hapana, maana zipo programu nazo zinaiamini alama. Ile ya barua pepe ilikuwa imegoma kabisa kutuma kitu, ikidai haina njia, na njia ipo wazi. Kwa hiyo alikaa wiki nzima akimfuatilia mvivu wake. Alipogundua alinifuata darasani, katikati ya kipindi cha mabonde na milima, akaniitia dirishani kunieleza. Kumbe kompyuta ikiamka humtuma mjumbe mdogo kwenye nyumba moja ya mbali kuuliza kama njia ipo. Mjumbe akirudi na jibu, alama nzuri inawekwa. Asiporudi, kinawekwa kile kiduara. Baada ya kujisasisha, mjumbe alikuwa anapitia geti lingine, na shuleni kwetu kwenye mageti ya mtandao kuna mlinzi, programu iliyowekwa kuwazuia wasichana wasiangalie filamu. Mlinzi hakuijua sura mpya ya mjumbe, akamzuia. Watu wengine wote wanapita, mjumbe peke yake kakaa getini, na nyumbani wanasema barabara imekatika.

Alimwelekeza mlinzi ampitishe, na siku hiyohiyo alama ikajirekebisha kila mahali. Wasichana wakashangilia. Aliwakemea. "Mnashangilia alama? Juzi mlipotuma maombi ndipo palikuwa pa kushangilia. Hii imefuata tu." Lakini nilimwona akizipitia mashine moja moja, akiinama kutazama kila kona, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kushinda bao.

Usimfanye mtakatifu, hata hivyo. Alipenda sifa. Ukisimulia siku ya alama akiwa karibu, ukiruka sehemu ya ndizi anakurudisha. Alipenda vitenge vya kung'aa na manukato yanayofika kabla yake. Kupika hakujua. Ugali wake ulikuwa na mabonge, naye alidai kwao mabonge ndiyo heshima. Viwavi aliwaogopa mpaka kupanda juu ya meza mbele ya kidato cha pili. Na huyo mwalimu wa hodi, huyo aliyetuhubiria miaka yote, kwangu hakupiga hodi hata siku moja. Alipitia mlango wa nyuma moja kwa moja hadi jikoni, akafunua sufuria, akaonja, ndipo akaniita. Nikimlalamikia alisema mtani habishi hodi kwa mtani wake, anaingia kuchukua chake. Hilo nalo ni kweli, kwa mila, na nilikuja kulitumia.

Tena alama alizidharau mno. Gari lake kuukuu lilikuwa na geji ya mafuta iliyolala chini kabisa tangu alinunue, na akajizoeza kuendesha kwa kukumbuka tu alijaza lini. Kila aliyepanda alimwambia mafuta yamekwisha, naye alimjibu geji ni mvivu. Siku moja tulikwenda Turiani, kwenye sherehe ya Zuhura kumaliza chuo cha uuguzi. Tulipofika katikati ya miwa, pande zote miwa, hakuna nyumba, gari likakohoa likasimama. Mafuta yalikuwa yamekwisha kweli. Tulikaa kwenye jua tukitafuna muwa tuliopewa na kijana wa trekta, mimi nikimcheka mpaka mbavu zinauma. Baadaye Mwalimu akasema, "Hata mvivu ana siku yake ya kazi." Tulifika sherehe ikiwa kwenye keki, na Zuhura alimlisha yeye kabla ya mama yake mzazi.

Na mawingu je? Mtu asiyeiamini alama ya kompyuta ya mamilioni aliamini wingu moja. Likikaa kwenye bega la Uluguru saa nne asubuhi, alianua nguo, alifunga madirisha, alizima mashine zote kwa ajili ya radi, jua likiwaka kweupe. Mimi mwalimu wa jiografia nilimweleza habari za pepo na miinuko. Alinisikiliza kwa adabu, halafu akaanua na za kwangu. Wakati mwingine mvua ilinyesha. Wakati mwingine hapana, na siku hizo hakutaka zizungumzwe.

Nilipostaafu nilirudi Mlali kulima kabichi, na yeye akabaki Kilakala kwenye nyumba yake ndogo yenye dirisha linalotazama mlima. Masika iliyopita presha ile ikampata. Kiharusi. Nilimwona hospitali, mkono wa kulia umelala, mdomo umekwenda upande, macho yametulia dirishani. Zuhura, ambaye sasa ni muuguzi wa wodi hiyohiyo, alikuwa anamgeuza kwa mikono ya upole sana. Niliondoka pale nikilia njia nzima. Mtoto wa kaka yake, Kulwa, akafunga duka lake Tabora akaja kumuuguza nyumbani alipotolewa hospitali. Binti mwema, mchapakazi, na kwa miezi aliyokaa pale hakulala usingizi wa kutosha.

Kisha wiki iliyopita Kulwa akanipigia simu. Alisema shangazi hatambui watu tena. Ukimwuliza, anatazama ukuta. Alimpa kalamu mkono wa kushoto akachora mikwaruzo tu. Wanaukoo wamekaa, wakaona kama hajui alipo, basi Tabora na Morogoro kwake ni sawa, bora awe karibu na ndugu. Wanasafiri Jumamosi mchana. "Mama, usijisumbue kushuka," aliniambia kwa huruma. "Utaumia bure, hatakujua." Alipokuwa anayasema hayo, mimi nilikuwa tayari natafuta viatu vyangu.

Jumamosi nilifika asubuhi na kapu la karoti. Mizigo ilikuwa imeshafungwa sebuleni, sanduku kubwa likiwa mlangoni. Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake mbele ya kompyuta yake, shuka mapajani, kapungua sana. Nikapiga goti, nikamwamkia shikamoo. Alitazama ukuta. Nilisubiri kamba yangu, haikuja. Kulwa akatikisa kichwa kwa upole, kama anayesema si nilikwambia.

Nikakaa juu ya lile sanduku. Kulwa akaniambia mama, kuna kiti. Nikamwambia mtani akikalia mzigo, mzigo hauondoki mpaka akombolewe, yaani alipwe chake, na leo sijui bei yangu. Alitabasamu kwa kuchoka. Kisha, ili nielewe hali ilivyo, akaninong'oneza kuhusu kompyuta. Kila siku shangazi anaburuta mkono mpaka kwenye kitufe anaiwasha, anashinda anabonyezabonyeza kwa kidole kimoja, na mashine yenyewe ni mbovu. Ilijiapdeti muda mrefu sasa, na kwa simu fundi alimwelekeza atazame kona ya chini. Akimtoa hapo, machozi yanamtoka, basi anamwacha kama mtu anavyomwachia mtoto toi.

Nikatazama kona ya chini. Kiduara cha dunia, na alama ya kukataza.

Jamani. Niliinuka kwenye lile sanduku kama niliyeumwa na siafu. "Kulwa," nikasema, "umepiga hodi?"

Hakunielewa. Nikasogea mpaka begani kwa Mwalimu. Kidirisha cheusi kilikuwa wazi, kama alivyozipanga mashine zake zote, na ndani yake mistari myeupe imepangana. Anwani niliifahamu, maana alinikaririsha mwenyewe. Ilikuwa ya chumba chetu cha kompyuta shuleni. Alikuwa ameipigia hodi asubuhi ileile, nayo iliitika, kila mstari. Mtandao ulikuwepo. Ulikuwepo muda wote, na kona ikikana.

Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kikainuka. Kilitetemeka hewani, kikashuka. U. Kikapumzika. M. Aliandika neno la kwanza, akaruka nafasi, akaandika la pili, na alipobonyeza kitufe cha mwisho mashine ikamjibu papo hapo, kwa Kiingereza chake, kwamba amri inayoitwa "umefunga" haiijui.

Umefunga kamba.

Nilicheka na kulia kwa pamoja, nikambusu kichwani, nikamwambia nimefunga, nimefunga Mwalimu, nimeifunga kwenye mnazi wa jirani yako. Upande mmoja wa mdomo wake ukapanda. Macho yakatoka ukutani yakanitazama mimi, na yalikuwa yaleyale.

Hapo ndipo nilipopandisha kile kidirisha juu, kuona yaliyotangulia. Kati ya hodi na hodi kulikuwa na maneno mengine, herufi ndogo tupu, na chini ya kila moja mashine imeandika jibu lake lilelile la kutojua. Kulwa chai ina chumvi. Kulwa feni. Kulwa pole lala. Kulwa wingu lipo anua. Nikazidi kupandisha. Kulwa sitaki tabora. Kulwa sitaki tabora. Na mashine, kila mara, kwa uaminifu, ikijibu kwamba "kulwa" haimjui.

Kulwa alikuwa amesimama nyuma yangu akisoma. Alisoma midomo ikienda.

"Nilidhani ni Kiingereza," alisema.

Alipita pembeni yangu, akalisukuma sanduku mbali na mlango kwa mguu, akatoka nje akaufunga mlango nyuma yake. Nikafikiri amekwenda kulia peke yake. Halafu tukamsikia, pale nje ya mlango wa nyumba aliyoingia na kutoka miezi yote hiyo, akipiga hodi. Akapiga tena.

Kidole kikainuka. Kiliandika polepole neno "karibu", nami nikalisoma kwa sauti ili lifike nje. Mashine ikasema hailijui. Mlango ukafunguka, na Kulwa akasimama kizingitini, macho mekundu, ndala zake za vumbi miguuni.

Mwalimu alimtazama kuanzia usoni mpaka chini. Kisha akarudi kwenye vitufe na kuandika: vua viatu.